Mwanzi wa Mita Moja na Sabini na Nne

Mimi nina mdomo, sikatai. Mume wangu Ovidiu husema siku nikinyamaza ataita daktari. Lakini siku ile ya Agosti, mezani, sikuwa na nia mbaya hata chembe. Nilikuwa napanga zawadi.

Shangazi Saveta alikuwa anatimiza miaka sabini. Ni shangazi wa mume wangu, dada wa marehemu baba yake, na nyumba tunayokaa ni yake. Ni fundi cherehani. Suruali za nusu ya mji huu wa Râpeni zimepita mikononi mwake, na mapazia ya shule, na nguo za kuzikia. Hana mume wala mtoto. Juu ya mji imekaa ngome ya zamani, ya wafalme waliokufa miaka mia tano nyuma, na dirisha la jikoni kwake linaitazama uso kwa uso. Watu hupanda ndege kutoka Japani kuja kuiona. Yeye, dakika ishirini kwa mguu, hajawahi kukanyaga huko. Mimi niliyetoka kule tambarare, karibu na Danube, na kuolewa hapa miaka ishirini na miwili iliyopita, nilidhani ni magoti, au ni ubahili wa tiketi.

Basi nikasema tutampeleka. Nikafungua simu pale pale, supu ikiwa bado mezani, nikaanza kuwasomea: saa za kufungua, bei ya wastaafu, mahali pa kuegesha gari. Ovidiu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikamwambia ananiumiza kidole, nikaendelea. Nikafika kwenye kitu kipya walichokiweka makumbusho, nikasoma kwa sauti ya kufurahisha kabisa, kama mtu anayesoma kichekesho: mafundi waliokuwa wanakarabati mnara wa magharibi wamekuta mwanzi umejengewa ndani ya ukuta. Ni kipimo cha kivuli cha mtu, waliuweka waashi mwaka 1961 kwa imani za zamani. Urefu wake mita moja na sentimita sabini na nne.

Kijiko cha Shangazi kikaanguka kwenye sahani, supu ikaruka hadi kwenye blauzi yangu. Nikainua kichwa. Mwanamke yule alikuwa amekuwa mweupe hadi midomoni. Ovidiu alikuwa ameziba macho kwa kiganja.

"Soma tena urefu," akasema Shangazi.

Nikasoma. Akaniomba mara ya tatu. Nikasoma tena. Akainuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Tukasikia cherehani inaanza kuzunguka. Ilizunguka nusu saa nzima, na mimi najua mlio wa sindano ikipita kwenye kitambaa. Haikuwa na kitambaa.

Nilimburuta mume wangu hadi uani, nyuma ya banda la kuni, nikamwambia aseme au alale huko. Akasema. Jamani, niliposikia, niliketi juu ya gogo la kupasulia kuni.

Zamani, ukuta ukigoma kusimama, waashi wa huku walikuwa wanaulisha kivuli. Wanachukua mwanzi, wanapima kivuli cha mtu bila yeye kujua, wanaukata pale kinapoishia, wanaujengea ndani. Ukuta unasimama. Mwenye kivuli anakufa kabla mwaka haujaisha, na roho yake inabaki kuulinda ukuta. Mwaka ule wa 1961 mnara wa magharibi uliwaangukia mara tatu, mara ya tatu ukamvunja mtu miguu yote miwili. Serikali ya wakati ule haikutaka kusikia habari za imani, kwa hiyo walifanya kimya kimya. Wakakubaliana: kivuli cha kwanza kitakachogusa ukuta baada ya kengele ya adhuhuri. Kilichogusa kilikuwa cha mtoto wa miaka saba aliyepanda kilima akifukuza mbuzi wa kwao. Saveta. Na fundi mkuu wa kazi ile alikuwa Nistor Hanțu, baba yake mzazi. Akasema, huyu ni wangu, nitampima mwenyewe.

"Baba yake?" nikauliza. Nikauliza mara mbili. Sikuamini masikio yangu.

Ukuta ukasimama. Mtoto hakufa. Aliyekufa ni Nistor, kifua, mwezi wa Desemba mwaka ule ule, na mji ukasema amekufa kwa majuto, na kwamba ngome bado inamdai binti. Nani sasa afunge maisha yake na mtu anayedaiwa na ngome? Alipofika miaka ishirini na mbili akapata mchumba, kijana wa reli, na wiki tatu kabla ya harusi mama wa kijana akaja kuichukua tena pete yao ya uchumba. Hakuna aliyemwomba ashike mtoto wakati wa ubatizo. Na hapa ndipo moyo ulinilipuka: hakuna bibi harusi wa Râpeni aliyewahi kukubali kupimwa na mikono yake. Mtu aliyepimiwa ukuta hapimi bibi harusi. Suruali sawa, mapazia sawa, maiti sawa. Gauni la harusi, hapana.

Mniache niseme kwa nini lilinichoma hili. Binti yetu Crina anaolewa mwezi wa kumi. Wakati wa Pasaka nilimwomba Shangazi amshonee gauni, akakataa, akasema macho yamechoka, na dakika hiyo hiyo akatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nilimnunia kiangazi kizima. Nilisema kwa majirani kwamba ana roho ngumu. Majirani wakatikisa kichwa na kuniacha niseme, mji mzima ukijua, mume wangu akijua, mimi peke yangu nikipayuka kama redio. Siku ile Ovidiu alisikia kwangu mambo ambayo hayataandikwa hapa.

Nikaelewa na jambo jingine. Kila Novemba tunapowasha mishumaa makaburini, Shangazi huwasha kwa mama yake, kwa kaka yake, hata kwa jirani asiye na ndugu. Kaburi la Nistor hulipita. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilishangaa sana, nikaenda kuwasha mimi, akaja nyuma yangu akauzima kwa vidole viwili.

Nilifuta mpango wote. Nikanunua keki. Asubuhi iliyofuata nikamkuta jikoni ameshavaa, kitambaa kimefungwa kichwani, anaitazama ngome. Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza.

"Zamfira, hiyo safari ipo. Ila mimi ndiye ninayechagua siku."

Huyu ni mtu ambaye, nilikuja kutambua sasa, huvuka barabara jioni ili asikanyage kivuli cha mnara kinapofika sokoni. Nikamuuliza kama amelala vizuri. Akasema hajalala hata kidogo, na kwamba niache maswali, nimsindikize kwa mzee Pompiliu.

Pompiliu Cercel ana miaka themanini na minane. Ndiye pekee aliyebaki kati ya waashi wanne wa mnara ule, hushinda kwenye benchi nje ya lango lake akiwasema wapita njia. Miaka sitini na mitatu yeye na Shangazi hawajabadilishana zaidi ya salamu. Alipotuona tumesimama mbele yake, alivua kofia.

Shangazi hakumzungusha. Akamwambia aeleze alichoona kwa macho yake, si alichosimuliwa. Mzee akaishika kofia kwa mikono miwili. Akasema Nistor aliwaamuru wageuke, maana baba hatazamwi akifanya jambo kama lile, wakageuka wote watatu wakatazama bondeni. Walipogeuka tena, mwanzi ulishakatwa na Nistor alikuwa ameanza kupaka chokaa juu yake. Mtoto alikuwa anakimbilia mbuzi.

"Kwa hiyo hukuona," akasema Shangazi.

"Nitaona vipi nami nimegeuka?"

"Na mwanzi ulikuwa mrefu kiasi gani?"

Pompiliu akasema, ah, mwanzi ni mwanzi. Kisha akakunja uso. Shangazi akamwambia walichoandika makumbusho, mita moja na sabini na nne. Mzee akatazama viganja vyake, viganja vya mtu aliyepima kuta maisha yake yote, na nikaona anapiga hesabu. Saa sita mchana, Septemba, kivuli huwa kifupi kidogo kuliko mtu mwenyewe. Mtoto wa miaka saba. Akaanza kujitetea, labda Nistor aliukata kwa haraka, labda aliongeza, huwezi kujua bila kusimama pale pale, siku ile ile, saa ile ile.

"Ilikuwa Siku ya Msalaba," akasema Shangazi. "Septemba kumi na nne. Nitasimama."

Tulirudi nyumbani. Mlangoni ndipo aliponiambia, bila kunitazama, kitu anachotaka. Anataka kujua kama baba yake alimtoa au hakumtoa. Hilo tu. Akisimama pale na kipimo kikawa chake, basi ataendelea kulipita lile kaburi hadi siku watakayomzika kando yake. Nikamuuliza anakumbuka nini yeye mwenyewe. Akasema anakumbuka baridi. Baba alimshika bega, akamsogeza nyuma ya mgongo wake, akamwambia, simama hapa, jua lisikupate, usitoke mpaka nikuambie. Kisha akasikia kisu kinakata mwanzi.

"Alinipanga kama kitambaa mezani," akasema. "Miaka yote hii naisikia sauti ya kile kisu."

Mimi, mwenye mdomo, nikamfungulia mlango tu.

Tulipanga safari ile wiki mbili na nusu, na kila siku ilikuwa na kioja chake. Nilisema nitapika kabichi za nyama, akanikumbusha Siku ya Msalaba ni mfungo, hakuna nyama wala jibini. Nikaandaa mkate, biringani na pilipili hoho zilizosagwa, na zambarau kavu. Nilisema tutoke saa nne tufike mapema. Akasema saa sita ya siku hizi si saa sita ya baba, maana sasa kiangazi saa husogezwa mbele. Kengele yao ya adhuhuri ni saa saba kwetu. Nilishangaa, mtu aliyeishia darasa la saba kuliwaza hilo. Akachukua uzi mzito wa kushonea makoti, akaulaza juu ya tepu yake, akaukata sentimita mia na sabini na nne kamili, akaufunga fundo kila upande. Usiku wa kuamkia safari aliniambia kwamba huenda hatarudi. Alilisema kama anavyosema maziwa yameisha. Funguo za kabati ziko ndani ya sanduku la vifungo. Nikaenda kulia chooni.

Jumamosi tukapanda, mimi na Shangazi kwa miguu, na mzee Pompiliu akabebwa na Ovidiu kwa gari hadi getini kwa sababu alisema asipokuwepo atakufa kwa kihoro. Habari zilishaenea. Nyuma ya mapazia njia nzima kulikuwa na macho. Kwenye daraja la kuingilia Shangazi alisimama. Nilimshika mkono, ulikuwa wa barafu. Akavusha mguu mmoja, akangoja. Halafu wa pili. Hakuna kilichotokea ila mwanamke wa tiketi kumuuliza kama ana kitambulisho cha ustaafu.

Mwanzi ulikuwa ndani ya kioo, rangi ya chai, umelazwa juu ya kitambaa chekundu. Nilitegemea ajishike kifua. Alichofanya ni kutoa tepu, kuilaza juu ya kioo, na kuhakikisha kwamba makumbusho hawakudanganya hata sentimita moja. Hawakudanganya.

Tukatoka uani, chini ya mnara wa magharibi. Pompiliu akaonyesha kwa fimbo mahali alipokuwa Nistor, bamba la jiwe lenye ufa. Saa ya kanisa kule chini ikagonga saa saba. Shangazi akasimama kwenye ufa, kisigino kwa kisigino, kitambaa chake kimenyooshwa. Mimi nikapiga magoti nikaweka fundo la kwanza kwenye visigino vyake, nikauvuta uzi juu ya kivuli chake.

Kivuli kikaisha, uzi haujaisha. Ulibaki kipande cha urefu wa mkono wangu tangu kiwiko hadi vidoleni.

Huyu ni mtu mzima wa miaka sabini, jamani. Kivuli chake cha utu uzima hakikuufikia ule mwanzi. Cha mtoto wa miaka saba kingeufikia vipi? Nilimtazama Pompiliu, mzee alikuwa ameketi chini kwenye mawe, amejiziba mdomo kwa kofia.

Shangazi akatazama ule uzi uliobaki. Hakulia. Akamwita Ovidiu.

Lazima niseme, Shangazi ameweka koti la baba yake kabatini miaka yote hii, sijui kwa nini mtu huweka koti la mtu asiyemwashia mshumaa. Ovidiu alipofika miaka ishirini walilijaribu, likamkaa mabegani na mikononi bila kugusa mshono hata mmoja. Kwa fundi cherehani huo ni ushahidi kuliko picha kwamba babu na mjukuu ni umbo moja na urefu mmoja. Mume wangu akasimama kwenye ufa, mrefu, ameinamisha kichwa kwa aibu kama kawaida yake. Shangazi akamwambia anyooke. Nikaweka fundo kwenye visigino vyake. Nikavuta.

Fundo la pili likatua pale pale kivuli cha kichwa chake kilipoishia. Nikalivuta tena kwa kuogopa kwamba nimekosea. Likatua pale pale.

Ndipo Shangazi alipofanya jambo ambalo sitalisahau. Alikwenda nyuma ya mgongo wa Ovidiu, polepole, akaingia ndani ya kivuli chake. Alipofika katikati, kivuli chake mwenyewe kilikuwa kimepotea. Hakikuonekana popote chini.

"Jua lisikupate," akasema.

Akarudia tena, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto. Kisha akayumba, Ovidiu akageuka akamdaka.

Pompiliu alikuwa analia waziwazi. Alisema kivuli cha fundi mkuu kilikuwa haramu, wasingekubali kamwe, kazi ingebaki bila mtu. Kwa hiyo Nistor asingeweza kumwambia yeyote, hata mkewe, la sivyo ukuta ungekuwa batili na wangemrudia mtoto. Alisema, sisi tuligeuka, Saveta, tuligeuka na kisha tukaenda kusimulia. Shangazi alimgeukia. Nilidhani atamtukana, na mimi nilikuwa na matusi tayari ya kumsaidia. Akampa chupa ya maji.

Mimi sisemi ngome ilimwua Nistor. Alikula vumbi la chokaa miaka thelathini, mapafu yake yangekwisha tu. Lakini yeye aliamini. Alikata mwanzi akijua anakata siku zake, akarudi nyumbani akala chakula cha usiku na watoto wake, na akakaa miezi mitatu akingoja, mdomo umefungwa.

Tulipoteremka, Shangazi alisema tupitie makaburini. Pale getini wanauza mishumaa siku zote. Akanunua yote iliyokuwa kwenye sanduku. Aliipanga juu ya kaburi la baba yake, akawasha mmoja mmoja, upepo ukizima anarudia. Hatukusogea kumsaidia. Mwisho akachimba kwa vidole kwenye udongo karibu na msalaba, akauweka ule uzi, akaufukia, akafuta mikono kwenye gauni lake jeusi, jambo ambalo mimi nikilifanya hunigombeza.

Mkate na biringani vilikuwa bado ndani ya kikapu, hakuna aliyekumbuka kula. Tulipofika mlangoni kwetu alisimama akatafuta funguo, na bila kunigeukia akasema:

"Kesho mpigie Crina. Mwambie aje na viatu atakavyovaa siku ya harusi. Siwezi kupima pindo la gauni bila viatu."